Muulize Ami: Siku zinakwenda, we uko wapi?

Assalaam aleykum, hamjambo, mpo? Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zazunguka jambo moja, watu wajiuliza maisha yao wayaishi ama yawapita tu. Sijui ni joto hili ama ni nini. Nimechukua chache, nyengine zitangoja, na wale wa mambo ya mahari na mawifi msinikasirikie, zamu yenu yaja.

SWALI: Ami shikamoo. Mi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 47, nafanya kazi ya kliaringi hapa Changamwe, Mombasa, kutoa makontena bandarini. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku, na Jumapili pia simu hailali. Makontena mengi yalipoanza kupandishwa Nairobi kwa treni 2018 kazi zikapungua huku, wenzangu wengi wakaachishwa, mi nikabaki, kwa hivyo sina haki ya kulalamika. Lakini mwezi uliopita tumemzika rafiki yangu tulioanza kazi pamoja, alikuwa kila siku asema akistaafu ataenda kwao Msambweni apande minazi yake atulie. Hakufika. Tangu siku hiyo silali vizuri, najiuliza mi nimefanya nini hapa duniani. Binti yangu mkubwa yuko fomu tatu na wallahi sijui apenda somo gani. Kazi siwezi kuacha, nitalisha watu nini, lakini sitaki kuondoka hivi hivi. Nianzie wapi? — Mchovu, Changamwe

AMI: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mwenzako.

Kwanza nataka nikuondolee hilo swali la "mi nimefanya nini hapa duniani". Swali hilo ni kubwa mno, halina jibu saa nane za usiku, ukilala nalo litakutafuna mpaka adhana ya alfajiri na kazini utaenda vilevile umevimba macho. Uliza dogo. Wiki iliyopita, Jumatatu mpaka Jumapili, saa zangu zilikwenda wapi? Chukua daftari la shule, hizo programu za simu sizitaki kwa jambo hili maana ukishika simu tu ushapotea, uandike wiki nzima. Usiandike mipango, andika yaliyotokea. Saa ngapi kwenye foleni ya magari, saa ngapi getini mwangojea karatasi moja ipigwe muhuri, saa ngapi umefika nyumbani lakini uko kitandani waangalia video za mpira na mkeo yuko hapo hapo ubavuni. Nimewaambia watu wengi wafanye hivi na wengi hurudi kwangu wameshangaa, manake walidhani kazi ndo iliyowala kumbe kazi imechukua yake ya halali na yaliyobaki yamekwenda hivi hivi, hakuna aliyeyaiba, hakuna aliyeyafaidi.

Na usione kujihesabu ni mambo yaliyoshuka na meli juzi. Waislamu twafundishwa muhasaba tangu madrasa, maneno ya Sayyidna Umar kwamba zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa wayasikia mimbarini kila mara, na ndugu zetu Wakristo wana Zaburi ya 90, Musa aomba afundishwe kuzihesabu siku zake, na humo humo imesemwa miaka ya mtu ni 70 ama akiwa na nguvu sana 80. Halafu kuna ile hadithi ya tano kabla ya tano: ujana kabla ya uzee, afya kabla ya maradhi, mali kabla ya ufukara, nafasi kabla ya shughuli, uhai kabla ya mauti. Mi hiyo ya nne hunisimamisha kila nikiisikia. Ule wakati wa nafasi, ile saa mtu hana la kufanya, umewekwa safu moja na afya na uhai wenyewe, na sisi twautupa kama chenji ya shilingi tano ya matatu.

Haya, tushuke chini. Barua yako ndefu lakini neno likizo halimo hata mara moja. Una likizo? Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mwajiriwa akimaliza miezi 12 ana haki ya siku zisizopungua 21 za kazi, na mshahara kamili, na juu ya hapo angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Hiyo si hisani ya bosi. Najua utasema Ami nikiomba likizo kesho yake kiti kina mtu mwengine, na sikatai, ofisi ndogo ndogo za huko twazijua. Basi usiende kudai zote kwa mkupuo. Omba siku tano, kwa maandishi, mwezi ambao kazi ni chache, utaje nani atashika mafaili yako. Ukinyimwa utakuwa umenyimwa kitu ulichokiomba, leo umenyimwa kitu hata hujakitaja.

Binti yako usimwitie mkutano tafadhali. Mtoto wa fomu tatu babake akimwambia "kaa hapa tuongee" atadhani kuna aliyekufa ama kuna aliyemchongea. Mchukue jioni moja pale ufuoni Mama Ngina, nyinyi wawili peke yenu, nunueni mihogo na madafu mkae muangalie meli zaingia bandari ya Kilindini. Hizo meli wazijua wewe. Mwambie ile yatoka wapi, kontena likishuka lapitia kwa nani, kwa nini karatasi moja ikikosekana mzigo walala na storeji yapanda kila siku, mwambie na siku uliyokaribia kulia kwa ajili ya mzigo wa mtu. Kazi hii imekula siku zako zote na yeye hajui hata ni kazi gani, ajua tu "baba yuko job". Halafu nyamaza. Ukishanyamaza ataanza yeye, asipoanza siku hiyo ataanza ya pili, usimuulize maksi.

La mwisho ni minazi ya rafiki yako, hilo limeniuma. Mnazi wetu wa asili, ule mrefu, hauanzi kuzaa mpaka miaka sita saba hivi, na mara nyengine zaidi. Sasa mtu akisema nangoja nistaafu, na serikalini ni miaka 60, ndo nipande, dafu lake la kwanza atalinywa na miaka 67 kama majaaliwa yapo. Ilikuwa apande akiwa na 40, miche mitatu minne, kila sikukuu akienda kwao aitazame. Kwa hivyo nakuuliza na wewe, maana umenieleza mnazi wa mwenzako ila wako hujautaja. Ni nini hicho umekiweka mpaka ustaafu? Ukikijua, kitafutie kipande chake kidogo cha kuanza mwaka huu, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Nakungoja uniandikie tena.

SWALI: Shikamoo Ami. Nina miaka 41, nimezaliwa Likoni na hapo hapo naishi, nimevuka feri maisha yangu yote na sijui kuogelea. Feri ilipozama Mtongwe 1994 nilikuwa mtoto, mamangu alimpoteza rafikiye wa chanda na pete, tangu siku hiyo akatukataza maji kabisa, hata kulowesha miguu twafanya kwa kujificha. Mama amefariki mwaka jana. Wanangu sasa wakienda bichi mi nakaa kwenye mchanga nawalindia viatu. Nataka kujifunza. Mume wangu acheka, dadangu asema mtu mzima na buibui lake aingia majini kutafuta nini. Ni upuuzi? — Mlinzi wa Viatu, Likoni

AMI: Si upuuzi mamangu, na katika barua zote za mwezi huu yako ndo niliyoipenda zaidi, manake wengine wote wauliza waishi vipi na wewe ushajua, wangoja ruhusa tu.

Mamako tumuweke mahali pake kwanza. Tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, kuna mitaa huko upande wenu matanga yalikuwa nyumba kwa nyumba. Aliwashika watoto wake kwa njia aliyoiona. Lakini alikuwa awakataza kufa, kuogelea kwenyewe hakukuwa na shida naye, na wewe bado wavuka mkondo ule ule asubuhi na jioni. Mtu avukaye maji kila siku ya Mungu na hajui hata kuelea, hapo ndo pa kuogopa.

Sasa sikiza. Usianze na bahari, anza na beseni nyumbani. Jaza maji, vuta pumzi, tia uso, toa pumzi polepole kwa pua, mpaka siku uone ni jambo la kawaida tu. Cheka na wanao ukifanya. Kisha tafuta mwalimu, na hapa mjini kuna hoteli ukilipa waogelea kwenye bwawa lao hata kama si mgeni wa kulala, uliza wana saa za wanawake peke yao ama mwalimu mwanamke, zipo sehemu. Nguo ya kuogelea yenye kusitiri mwili mzima yauzwa madukani siku hizi, kwa hivyo mwambie dadako buibui litabaki pale kwenye mchanga likilinda viatu.

Jambo la kwanza kujifunza ni kuelea chali. Wengi hukimbilia kupiga mikono na miguu, wachoka, waogopa, waisha. Ukijaza hewa kifuani, ukalaza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, mwili wenyewe wapanda, na maji ya chumvi yabeba zaidi kuliko ya bwawa. Anayezama mara nyingi ni yule anayejaribu kuinua kichwa juu. Ukishaweza hapo, nenda baharini na mtu anayejua, pale bichi ya Pirates ama pengine palipo na walinzi wa ufuo, na usithubutu kukaribia njia ya meli hata maji yakiwa yamelala, mkondo wa pale hauna adabu. Nyakati wazijua wewe mtu wa Likoni kuliko mimi: wakati wa kusi bahari yachafuka, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi hutulia zaidi. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hivyo anza siku za maji mafu, zile maji hayapandi wala kushuka sana.

Mumeo aache acheke. Mwambie aje akushikie mgongo ukielea, kama anajua kuogelea. Nina wasiwasi hajui, ndo maana yuwacheka.

SWALI: Ami vipi. Nina 24, niko Kisauni. Wale niliomaliza nao fomu foo mmoja yuko Qatar, mmoja ashajenga kwao, mwengine kila wikendi yuko Diani na gari, naona kwenye statasi. Mi naendesha tuktuk ya mtu, jioni napeleka hesabu nabaki na ya kula, usiku nachora kidogo halafu nalala. Naona nimeachwa nyuma kabisa. Nifanyeje na mi niishi kama wao? — Kijana, Kisauni

AMI: Kuishi kama wao huwezi, maana hata wao hawaishi vile. Mtu huposti gari, haposti meseji za mkopo. Na huyo wa Qatar, hebu muulize vizuri, kule kiangazi jua ni kali mpaka serikali yenyewe imekataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu mchana, hiyo hawezi kukuwekea na wimbo nyuma. Sisemi ni waongo, pengine wamefanikiwa kweli na tuwaombee, nasema tu waona dakika moja ya siku yao.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili na kuna kitu. Barua nzima wanihadithia wenzako, halafu kuna maneno matatu yamepita mbio kama mwizi: "usiku nachora kidogo". Wachora nini? Mtu aliyechoka kuendesha tuktuk kutwa nzima, mgongo wauma, na bado ashika penseli kabla hajalala, huyo ana kitu na sijui kwa nini amekiita kidogo. Ongea na mwenye tuktuk akuruhusu uchore mgongo wake, bure, kazi yako bora kuliko zote, chini uandike namba ya simu. Yazunguka mji mzima hiyo, kutoka Kongowea mpaka Bamburi, tangazo gani kubwa kuliko hilo. Hizo statasi nazo zizime wiki mbili uone kama utakufa.

SWALI: Ami, mi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, mjane, niko Tudor. Watoto wako Nairobi na Uingereza, hela wanatuma, sina shida. Shida ni kukaa. Nakaa nafikiri yale niliyoyaacha, nilitaka kusoma chuo kikuu sikusoma, nilitaka kuiona Zanzibar mpaka leo sijaiona, nilitaka kumwomba radhi mwenzangu mmoja tukakaa miaka hatusemezani. Watoto wasema mama pumzika. Nimepumzika mpaka nimechoka. Je nimechelewa? — Bi Mwalimu

AMI: Bi Mwalimu, dadangu, hapo kwenye kupumzika mpaka kuchoka nimecheka peke yangu, naomba unisamehe.

Umenipa mambo matatu na si sawa hata kidogo, usiyaweke kapu moja. Zanzibar ni ya kwenda, na waweza kwenda kabla gazeti hili halijatoka tena. Wewe ni raia wa Afrika Mashariki viza huhitaji, wataka pasi na uulize habari ya kadi ya homa ya manjano. Ndege zipo, na kama wataka kuona njia basi za Dar zapitia Lunga Lunga kisha wapanda boti mpaka Unguja. Waambie watoto pesa ya mwezi huu ni ya Zanzibar.

Chuo kikuu, hapo jiulize kwa ukweli kama bado wakitaka. Mambo mengine tuliyataka tulipokuwa na miaka 20, aliyeyataka alikuwa msichana yule, wewe huna deni naye, ukiona hayakuvutii tena yaache yaende zake na usiyalilie. Ila kama moyo bado wadunda, umri usiutaje mbele yangu, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret 2004 akiwa na miaka 84, na wewe Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko hapo hapo Tudor, watembea kwa miguu ukawaulize.

Na huyo mwenzako, huyo ndo wa leo. Wallahi ukimaliza kusoma hapa mpigie. Kuna utafiti wa chuo cha Harvard kule Marekani, ulianza 1938, wakawafuata watu 724 maisha yao yote, mwanzo walikuwa wanaume tu na Wazungu tu kwa hivyo si dunia nzima, lakini walichokiona chafaa kusikizwa: kilichotabiri nani atafika 80 akiwa mzima hakikuwa kolesteroli yake ya miaka 50, ni vipi alivyokuwa ameridhika na watu wake wakati huo. Wewe una wanafunzi mji mzima, pengine hata konda anayekushusha Tudor ulimchapa kwa kukosa hesabu. Usingoje waje kukuamkua. Watafute, waulize nyumba zao, wape siku ya kuja kunywa chai. Mahamri watapika wao.

SWALI: Ami, kila mwezi watupa ushauri, na wewe mwenyewe waishi vizuri kweli? — Mdadisi, Mwembe Tayari

AMI: Naishi bwana. Baada ya alasiri hunipati kwa simu, nipo barazani Kibokoni nacheza bao, na kuna mzee mmoja wa mtaani anifunga kila siku na juu yake adai anifundisha. Njoo uone mwenyewe. Kahawa tungu ni juu yangu, kashata ununue wewe.